Siku Dzoro Alipopiga Simu

Mume wangu Fondo alikuwa fundi wa injini za mashua pale Liwatoni. Alitoka Kaloleni akiwa kijana, na kwa miaka ishirini na sita alirudi nyumbani mikono ikinuka dizeli. Hakuwa msemaji, ila akikutana na Dzoro.

Walifanya kazi karakana moja, na koo zao ni watani. Kwetu mtani ana ruhusa: akuite mwizi, akutangazie kifo, na kukasirika ni aibu. Mimi kila simu hunishtua, basi Dzoro akawa ananipigia kunitangazia kifo cha Fondo. "Mke wa marehemu, umeshapika maharagwe ya matanga?"

"Tangulia wewe, sanda yako nimeshaipiga pasi."

Binti yetu Kadzo, anayesoma chuo karibu na Buxton, alimfundisha Dzoro neno la Kiingereza, joshi. Alimweleza kuwa ni kumtania mtu unayempenda, bila nia ya kumuumiza. Mkubwa wa kazi humjoshi, wala mgeni. Dzoro akalipenda. Akishanitisha huongeza, "Nakujoshi, shemeji," nami napumua.

Jumanne moja, saa nne asubuhi, nilikuwa nakuna nazi.

"Shemeji, Fondo ameanguka. Tunamkimbiza hospitali. Njoo."

"Mzikeni vizuri. Mimi nazi yangu haijaisha."

Nikangoja lile neno lake.

"Mama Kadzo," akasema, "tafadhali."

Nikacheka, nikakata simu. Alipopiga tena sikushika. Nilijiambia leo amezidisha.

Saa sita kasoro Kadzo aliingia mbio, kiatu kimoja mguuni. Dzoro alikuwa amempigia yeye. Tulipofika hospitali, Fondo alikuwa ameshafunikwa uso. Muuguzi akaniambia kwamba alikuwa na fahamu karibu saa nzima, akiuliza kama nimefika.

Tulimzika Kaloleni. Kabla jeneza halijashushwa, mtani huingia kaburini akalala, akakataa kutoka mpaka apewe chochote. Watu wote walimtazama Dzoro. Akashuka, akajilaza. Ndugu wakaanza kucheka na kumtupia sarafu.

"Toka, mzee, hiyo si nyumba yako!"

Hakuzigusa. Mabega yalikuwa yakitikisika, na vicheko vikakatika kimoja kimoja. Nikapiga magoti ukingoni, nikampa mkono.

"Alipouliza, ulimjibu nini?"

"Kwamba uko njiani."

"Mara ngapi?"

Dzoro akajifuta uso kwa mkono wenye udongo. "Kila alipouliza, shemeji."