Sekunde Nane Kabla ya Ngurumo

Mtoto wa marehemu kaka yangu ni DJ. Mtaani wanamwita Matone, kwa sababu mvua ikianza wenzake hukimbilia ndani, naye hutoka na kinasa sauti alichokivalisha soksi ya sufi ili upepo usikisumbue. Wanasema amechanganyikiwa. Mimi nilitumikia idara ya michezo ya kuigiza redioni miaka ishirini na saba, nikitengeneza mvua kwa kumwaga choroko kwenye sinia na ngurumo kwa kutikisa bati, mpaka idara ikafungwa na bati letu likaezeka banda la kuku la mtu. Sina ubavu wa kumcheka.

Chumba chake kina kitanda, kompyuta, spika mbili, na trei za mayai zilizobandikwa ukutani kuua mwangwi. Ndani ya kompyuta amehifadhi mvua juu ya turubai, mvua ndani ya ndoo tupu, mvua juu ya boneti ya gari lililozimwa sasa hivi.

"Hiyo ya gari ina tofauti gani?" nilimuuliza.

"Sikiliza vizuri, baba mdogo. Bati lina moto bado."

Nikainamia spika. Kweli, kila tone lilikuwa linasema tsss. Miaka yote ile mimi nilimwaga choroko zilezile.

Mwaka huu kituo kimoja cha redio kilimpa saa moja ya majaribio, Jumapili saa tisa alasiri. Akifaulu, kipindi ni chake, ataachana na harusi ambako anaombwa wimbo mmoja mara kumi na moja. Akishindwa, mkuu wa vipindi alishamwambia, saa hiyo itajazwa na kompyuta. Siku hizi kila kiti anachokiacha mtu hukaliwa na kompyuta.

Jumatano alinisikilizisha kazi yake. Ngoma zilikwenda polepole, upepo ukapita kati yake, vizuri kabisa. Ila ngurumo ilipiga kila baada ya mapigo kumi na sita, bila kukosea.

"Hii ngurumo umeiajiri?" nikasema. "Mbona inawahi kazini kuliko karani?"

Akacheka mpaka akashika mbavu. "Sasa ikitoka nje ya mdundo watasema DJ hajui kuhesabu."

"Mngojeshe msikilizaji. Enzi zetu mwigizaji alikuwa akifunga dirisha, halafu kimya. Sekunde nane. Hapo mtu kule nyumbani anaacha hata kutafuna."

"Nane! Baba mdogo, redioni nane ni mwaka mzima."

"Jaribu uone."

Akajaribu. Jumapili nilikaa sebuleni peke yangu na redio yangu. Ngoma zikatoka, dirisha aliloliongeza likafungwa, kimya. Nikahesabu kwa vidole. Nilipofika sita, jibaba likapiga kelele: "Magodoro! Magodoro ya kisasa!" Ngurumo ya Matone ikafuata, ikaangukia katikati ya magodoro.

Kumbe mtambo wa kituo ukikosa sauti kwa sekunde tano hudhani matangazo yamekatika, unajitupia tangazo wenyewe. Zamani pale alikaa mtu mwenye masikio, akijua kituo kilichozimika si sawa na mwigizaji aliyenyamaza. Nani alifikiri kumwachisha kazi mtu huyo ni maendeleo?

Matone alirudi amenuna. Mkuu alimpa Jumapili moja tu zaidi. "Na usininyamazie tena," ndivyo alivyoambiwa.

"Rudisha mdundo wako, mwanangu," nikamwambia. "Kosa ni langu. Nimekuharibia."

Alikaa kwenye ukingo wa kiti, akakunja uso. "Baba mdogo, kimya chenu kilikuwa na nini ndani?"

"Kimya kina nini? Hakina kitu."

"Studio mlikuwa wangapi?"

"Watano. Sita."

"Mlikuwa mnapumua?"

"Kwani tulikuwa maiti?"

"Basi hakikuwa kitupu! Mimi changu nilikikata kwa kompyuta. Ndani hamna hata punje."

Nikarudi studio ile kichwani. Kulikuwa na mkanda ukivuma chinichini, na feni, na yule mama aliyeigiza wakwe wakali, ambaye kifua chake kilipiga filimbi. Miaka ishirini na saba niliita vitu hivyo kimya, wala sikuwahi kujiuliza.

Alhamisi mawingu yakajikusanya. Matone akafunga milango na madirisha yote ya nyumba yangu kabla tone la kwanza halijaanguka, akaweka kinasa sauti mezani, akaniambia nikae.

"Nifanye nini?"

"Ngoja mvua. Basi."

Nikangoja dakika kumi na mbili. Inzi akagonga kioo. Kiti kikalia chini yangu.

Jumapili ya pili ngoma zikatoka, dirisha likafungwa, na nikaisikia nyumba yangu redioni: inzi, kiti, hewa nzito ile. Sita. Nane. Mtambo haukuthubutu. Kumi. Kwenye kumi na moja ngurumo ikapiga, na mimi, fundi wa ngurumo, nikaruka kitini.

Jioni Matone akaingia na viatu vyake mkononi, anacheza peke yake.

"Kipindi nimepewa! Kila Jumapili!" Akanikumbatia. "Ila mkuu ameuliza, yule anayekoroma kabla ya ngurumo ni nani."

"Nani amekoroma? Nilikuwa nasikiliza."

"Nilimwambia ni fundi wa sauti," akasema, "amesomea kazi hiyo miaka ishirini na saba."