Firigisi Kwenye Sahani Yangu

Natengeneza mashine za kusaga unga, na kazi hiyo imenipeleka Jinja na Mbale mara nyingi kuliko ninavyokwenda kwetu kusalimia. Watu hudhani fundi husafiri kwa ajili ya mashine. Mimi, kusema kweli, husafiri kwa ajili ya chakula cha mchana. Mashine ikigoma asubuhi naishughulikia haraka. Ikigoma saa saba, itasubiri nile.

Dereva wangu ni mzaliwa wa Jinja. Babu yake aliingia Uganda na jeshi kutoka Sudan, na ingawa yeye mwenyewe hajawahi kushika hata manati, namwita Afande. Yeye huniita Fundi. Kiswahili chake kimenyooka, swala hazimpiti, na samaki akishapita mikononi mwake, paka anayekuja baadaye anapoteza muda wake bure.

Mimi ni wa upande wa Kenya, na siku za mwanzo nilimchekesha sana. Hotelini Jinja niliagiza kuku, binti akaniuliza, "Na chakula?" Nikashangaa, kwani kuku si chakula? Kumbe kule kuku ni mchuzi tu. Chakula ni matoke, posho, yaani ugali, viazi, malenge na wali, na vyote hupandishwa juu ya sahani moja mpaka huoni aliyekaa mbele yako. Nikasema basi naomba wali peke yake. Binti akaniangalia kwa huruma. "Mama, unaugua?" Afande alilisimulia hilo kwa kila mwenye kinu kuanzia Jinja hadi Mbale.

Nililipiza kwa kuwa hakimu. Kila tukimaliza kula, kabla hatujanawa, natoa hukumu naye anakata rufaa. Alinipeleka Masese kula sato wa kukaanga, akanikodolea macho kana kwamba yeye ndiye aliyemvua. Nikasema ngozi imekauka vizuri lakini mpishi ni bahili wa ndimu. Alininunia mpaka Iganga. Lakini sijawahi kumdanganya kuhusu chakula, naye analijua hilo.

Halafu mwaka jana akapatwa na ugonjwa wa Mbale. Hata mashine iwe upande gani wa mji, njia zake zote ziliishia kwenye hoteli moja nyuma ya maghala ya nafaka, huko kwenye viwanda. Mwenye hoteli ni mwanamke wa rika letu, aliyefiwa na mume, mwenye sauti ya kusimamisha lori. Malewa yake, yale machipukizi ya mianzi yaliyokaushwa kwa moshi na kupikwa na karanga, yalinifanya nilambe vidole mbele za watu. Wali wake sasa! Ulikuwa mbichi katikati na maji pembeni, ungeweza kuzibia ufa ukutani. Afande, ambaye Jinja hurudisha sahani jikoni kwa ajili ya punje moja ya mchanga, aliinua sahani yake akaomba aongezewe.

Sikuhitaji kuambiwa zaidi. Lakini aliniambia, jioni moja tukitoka kazini.

"Fundi, mimi mtu mzima. Tangu mke wangu afariki nakula mahotelini, jiko langu linachemsha chai tu. Nimechoka. Lakini nikikosea huyu, nitakula kosa langu kila siku mpaka kufa. Wee ulimi wako hauna upendeleo. Kesho kula, halafu useme. Ukisema ndiyo, nazungumza naye. Ukisema hapana, nanyamaza, tutafute hoteli nyingine."

Nilicheka. Kisha nikaona yeye hacheki, nikaingiwa na hofu. Kuhukumu sato ni mchezo, lakini hili lilikuwa jambo jingine.

Kesho yake alikuja na shati lililopigwa pasi hadi likakakamaa. Alikuwa ameagiza kuku wa luwombo, yule anayefungwa kwenye jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke, kila mlaji na fungu lake. Tukafungua. Kwa Afande kulikuwa na shingo na bawa. Kwangu kulikuwa na paja, na juu ya paja, firigisi.

Kwetu na kwao, jambo hili halina mjadala. Firigisi ni ya mwenye nyumba. Mama yangu aliweza kusahau chumvi, lakini firigisi ya baba hakuisahau hata siku moja. Nimepika kuku maisha yangu yote na sijawahi kuionja. Afande akaitazama ile firigisi, akatazama shingo iliyokuwa sahanini mwake, na uso ukamshuka. Nilimwonea huruma sana.

Nikamwita mwenye hoteli. "Mama, hapa mmekosea. Hii si yangu."

"Makosa hapana, Mama Fundi," akasema, mikono kiunoni. "Huyu anakuja kila wiki. Anakula, anashukuru, anaenda. Hajasema kitu. Sasa mimi napea mteja firigisi? Heri bosi wake ale."

Wapakiaji wa magunia kwenye meza ya jirani wakaacha kutafuna. Afande hakumtazama yule mama, alinitazama mimi. Alikuwa anangoja hukumu, na sikuwa nimeonja hata kidogo. Nikachota wali. Ulikuwa ule ule.

"Wali wako ni mbaya," nikasema.

Afande akafumba macho.

"Ni mbaya sana, mama. Na huyu ameomba aongezewe kila safari."

Mwenye hoteli akamgeukia. Kwa mara ya kwanza sauti yake ilishuka. "Kweli, Afande?"

"Kweli," akasema. "Jinja ningeurudisha jikoni."

"Na hapa?"

Hapo ndipo alipozungumza, kwa maneno machache, mbele ya wapakiaji wa magunia. Sitayaandika, si yangu. Yule mama alimsikiliza mpaka mwisho, akafuta mikono kwenye leso yake, akachukua kijiko, akaihamisha firigisi kutoka sahani yangu hadi ya Afande. Mmoja wa wapakiaji akapiga makofi.

Nilifurahi, na nikajisikia mpweke vilevile, maana nilijua nimempoteza mwenzangu wa kukata rufaa. Labda Afande aliliona usoni mwangu. Aliipasua firigisi kwa vidole, nusu akala, nusu akaniwekea.

Nilitafuna polepole. Ilikuwa ngumu kidogo na chumvi haikukolea.

"Hukumu, Fundi?" akauliza.

Nikainua sahani yangu nikaomba niongezewe wali.