Mukantwari na Mazuku ya Ndani ya Nyumba

Kabla ya yote niseme: aliyepiga kelele ya kwanza ni mimi, Bénita. Wengine watakuambia ni Papa Barthélemy, shefu wa avenyu, huu mutaa wetu mudogo hapa Ndosho, Goma. Hapana. Ni mimi na mudomo wangu huu.

Mama Mukantwari ni jirani yangu, ukuta kwa ukuta. Alikimbia Masisi katika vita ya tisini na tatu, na sufuria moja kichwani. Akajenga mujini, volkano ya 2002 ikala nyumba na sufuria yake. Akajenga tena, ya mbao, juu ya mawe yale yale ya volkano. Ni mwanamuke mufupi, mukali, haogopi mutu. Kazi yake ni kujenga majiko ya kuni, ya udongo, yenye bomba la manjanja, bati lile la kuezekea, la kutoa moshi juu ya paa.

Akikujengea jiko, ujue umepata mama mukwe. Anarudi kila mwezi bila kuitwa. Anapanda juu, anashusha fungu la vijiti lililofungwa kamba na jiwe, anakwangua bomba mupaka masizi yote yaanguke, halafu anaziba nyufa kwa udongo. Akikuta umeanika kuni juu ya jiko linalowaka, ole wako. Mimi alinikuta nimetia majivu yenye moto kwenye ndoo ya plastiki. Akaniuliza mbele ya watoto wangu: "Bénita, nyumba hii ya mbao unaiuza kwa nani? Kwa moto?" Nilinuna siku mbili, halafu nikatafuta ndoo ya chuma.

Vita iliporudi Rutshuru, barabara ikafungwa, makala, yale makaa ya kupikia, yakapotea sokoni, wote tukarudia kuni. Wakimbizi wakafika maelfu. Mukantwari akapokea mama mumoja, Charline, na watoto wake wawili, akawapa nyumba ndogo ya nyuma yenye jiko lake. Wanasema mugeni siku mbili, ya tatu umupe jembe. Charline hakungoja: asubuhi ya kwanza tu alikuwa anafagia kiwanja. Alikuwa mupole sana, anaongea kwa sauti ya mutu aliye kanisani.

Wiki ya pili watoto wake wakaanza kuumwa kichwa na kutapika. Asubuhi moja Charline akatoka nje akiyumba, mutoto mudogo mukononi, akaanguka mulangoni. Nikafika wa kwanza. Nikaona macho yake yanazunguka, nikapiga kelele: "Mazuku! Mazuku imeingia ndani ya nyumba!"

Mutu wa Goma ukimutajia mazuku, miguu yake inakimbia kabla ya kichwa. Ni ile hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala kwenye mashimo. Haina rangi, na mutu akiingia humo anaweza asitoke. Avenyu nzima ikajaa kiwanjani. Papa Barthélemy akafika na kofia yake, akatangaza: nyumba ile ifungwe leo, ibomolewe kesho, na mama huyu aende kambini na watoto wake.

Kambini! Mvua ilikuwa inanyesha kila siku, na kipindupindu kilikuwa kule kwenye mahema. Charline hakubisha. Akaanza kufunga vitu vyake kwenye kitenge. Mimi niliona haya, nikabeba watoto kuwapeleka kituo cha afya, nikawaacha kwa muuguzi. Niliporudi, Mukantwari alikuwa ametoka kazini, udongo mupaka kwenye viwiko.

"Nani amesema mazuku?"

Vidole vyote vikanionyesha mimi. Asanteni sana, majirani.

"Bénita, kuku zangu zinalala wapi?"

"Nyuma ya nyumba, Mama. Pale chini, kwenye shimo."

"Zimekufa?"

Nikachungulia. Kuku zilikuwa zinaparua, jogoo anajivuna.

"Mazuku inakaa chini. Hii yenu ikaruka kuku, ikapanda ngazi za mulango, ikachagua watoto wa Charline? Imesoma?"

Watu wakacheka. Papa Barthélemy hakucheka. "Mama, mimi ni shefu hapa."

"Na mimi ni fundi. Nishikie ngazi, shefu."

Akaishika, angefanya nini? Mukantwari akapanda na miaka yake yote, akashusha fungu lake ndani ya bomba. Likakwama. Akasukuma, likakwama. Akashuka, akaingia ndani, akafungua kimulango cha kutolea masizi chini ya bomba, akaingiza mukono mupaka begani. Akatoa kitambaa cheusi, kimeshindiliwa kama kifuniko cha chupa.

Hapo Charline akaketi chini, akalia.

"Ni mimi, Mama. Kwetu, moshi ukipanda, watu wa bunduki wanauona. Wanakuja moja kwa moja kwenye sufuria. Mara mbili walichukua chakula. Mara ya tatu walichukua bwana yangu. Nikazoea: kuni zikishika na kubaki makala ya moto, naziba bomba, nafunga dirisha, ndipo napika. Hapa mikono ilifanya yenyewe."

Nilingoja matusi. Mukantwari, anayegombeza hata padri, akamushika bega. "Mwanangu, makala yakikosa pumzi yanachukua ya watoto wako. Huo moshi uliouficha ndio ulikuwa unawaua."

Lakini shefu ni shefu. "Na kama mazuku iko kweli?"

"Basi nitakaa ndani mimi. Lete maharagi, Bénita. Yakiiva nami niko hai, Charline anabaki."

Maharagi makavu! Akayaweka jikoni, akawasha kuni kavu, akafungua dirisha, akaketi kwenye kiti chake. Sisi nje tukangoja mupaka miguu ikauma. Kila tulipoanza kunong'ona, sauti ilitoka ndani: "Shefu, bado niko hai! Kofia yako imepinda!" Saa tisa watoto wakarudi na muuguzi kutoka kituo cha afya, kwa miguu yao, wanaomba chakula. Nikalia mbele ya watu wote.

Jua likiwa bado juu, Mukantwari akatoka na sufuria, uso unang'aa jasho. Akamupakulia Papa Barthélemy wa kwanza. "Shika, shefu. Kula mazuku yako." Shefu akala, akaomba tena. Avenyu nzima ikapiga vigelegele, nami nilipiga kuliko wote, maana nilikuwa na deni la kelele.

Kesho yake asubuhi Charline aliwasha jiko mwenyewe. Moshi ukapanda juu ya manjanja, mweupe, unaonekana mupaka barabarani. Kamyo, lori kubwa la askari, ikapita. Nikaona mukono wake unashika kitambaa cha kiunoni, anageuka kuelekea jikoni. Akasimama. Akaachilia kitambaa, akafungua dirisha lote, na kwa mara ya kwanza nikasikia sauti yake yote:

"Wakuje waone! Leo kwangu tunapika!"