Ndege wa Uani na Unga wa Mgeni

Mwaka wa 1953, nikiwa na miaka kumi na mitano, ndipo shida iliponishika. Kabla ya hapo tulikuwa maskini tu, na umaskini si shida ukiwa na mama.

Tulikaa kwenye shamba la mzungu huko Dundori, juu ya Nakuru. Mama alichuma pareto, mimi nilibeba mtoto wa memsabu, mke wa mzungu. Hali ya Hatari ilipokuja kwa sababu ya Mau Mau, Wakikuyu wa mashambani walipakiwa kwenye malori wakarudishwa riziv, maeneo waliyotengewa na serikali. Mama akapelekwa upande wa Nyeri, alikotoka akiwa msichana, hata njia alikuwa ameisahau. Mimi memsabu alinizuia. Alimwambia afisa kwamba mtoto wake hawezi kulala bila mimi. Watu huniambia nilikuwa na bahati. Wangekuwa wao ningewaona.

"Nitarudi!" mama alipiga kelele kutoka juu ya lori. Nikamwamini. Nikabaki na nyumba yake ya udongo peke yangu, nikimngoja.

Memsabu alikuwa na meza ya ndege, ubao juu ya nguzo mbele ya dirisha lake. Kila asubuhi niliweka hapo vipande vya mkate, papai lililopasuliwa na sahani ya maji. Yeye alikaa ndani na chai na darubini. Walikuja njiwa. Walikuja kwezi wanaong'aa kama mafuta juu ya maji. Walikuja kuzumburu, mikia mirefu, wakaning'inia kwenye papai kama panya. Mimi nilishangaa. Kule kwenye ngano watu walilipwa kufukuza ndege kwa kupiga makopo, na huku mimi nalipwa kuwaalika. Na mzungu ni yule yule mmoja.

Kati ya hao alikuwako kandege keusi na keupe, kembamba, kanatembea chini kakitikisa mkia. Memsabu hakumjali, aliwataka wenye rangi. Lakini sisi tulimjua. Kwetu ni ndege wa uani. Akija mpaka mlangoni akatikisa mkia, mgeni yuko njiani. Mama akimwona alikuwa anaongeza unga kwenye sufuria, kwa sababu ni aibu mgeni akute chakula cha kuhesabia watu.

Basi mimi nikafikiri kama mtoto. Nikisema nimtakaye ni mgeni, na ndege ndiye hutangulia mgeni, si nimlete ndege? Nikaanza kuficha mkate wa memsabu ndani ya aproni, nikaumwaga mbele ya mlango wangu. Siku ya tatu akaja. Jioni hiyo nikapika ugali wa watu wawili, nikafagia, nikakaa mlangoni nikiangalia njia ya lori. Ugali ukapoa. Nikala wangu, wa mama nikaufunika.

Kesho yake akaja tena. Nikapika tena wa wawili.

Posho tulipewa Jumamosi, kibaba cha mtu mmoja. Kwa hiyo kufikia Alhamisi sikuwa na unga. Nasema ukweli, kuna Alhamisi nilizosimama pale kwenye meza nikala mkate wa ndege, mgongo nimeupa dirisha.

Jirani yangu alikuwa mpishi wa memsabu, mzee Mluhya mwenye mdomo. Aliona moshi wangu, akaona na mbavu zangu.

"Wewe msichana, unapika kama mwenye bwana na watoto sita, na unakonda kama ufagio. Nani anakula?"

"Namngoja mama. Ndege amesema anakuja."

"Ndege gani?"

Nikamwonyesha. Alikuwa pale pale mlangoni, anaokota mkate. Mzee akacheka mpaka akashika ukuta.

"Huyu? Huyu umemwandika kazi! Ndege anayelishwa ni mfanyakazi kama mimi na wewe. Anakuja kuchukua posho yake. Habari ya mgeni atajulia wapi?"

"Baba, usinicheke."

Akauachia ukuta. Halafu akasema polepole, "Sikucheki, mama. Kwetu pia tuna ndege wa namna hiyo. Lakini yule huja mwenyewe. Wewe umemharibu."

Sikulala vizuri. Maana alisema kweli, na mimi nilikuwa najua. Nilikuwa nimemnunua shahidi. Asubuhi sikumwaga mkate. Nikasema, akija bila kuitwa, hapo nitajua ni mama.

Akaja siku moja, akatafuta, akaondoka. Siku ya pili hakuja. Nilimwona kule kwenye meza ya memsabu, chini ya nguzo, anaokota yanayoanguka. Mlango wangu ukawa kimya. Wiki moja, ya pili. Mzee akaniletea unga kidogo, na nilikuwa nashiba sasa, lakini shibe ile haikunifaa. Nilikuwa napika chakula cha mtu mmoja, na mtu anayepika cha mmoja amekubali kwamba yuko mmoja.

Wiki ya tatu nikamwaga mkate. Nilijua ni uongo. Niliutaka. Akarudi siku hiyo hiyo, na mimi nikatia maji ya ugali wa wawili. Mzee aliona moshi, akatikisa kichwa.

Nilifanya hivyo miaka, nikiruka siku unga ukikosa kabisa. Mwisho wa miaka hiyo vizuizi vya Wakikuyu kusafiri vilipolegea nikapata ruhusa ya kwenda Nyeri. Nilikuta vijiji vilivyozungushiwa mitaro, watu wamekusanywa humo kwa nguvu, nyumba zimebanana. Mwanamke aliyekaa na mama nyumba moja ndiye aliyeniambia. Mama alikufa mwaka wa pili tangu aletwe, kwa njaa na homa. Nikamuuliza kama alinitaja.

"Kila siku," akasema. "Alikuwa anasema, wangu hana shida, anakula kwa mzungu."

Sikulia pale. Nililia kwenye gari moshi, kuanzia Thika.

Baadaye niliuza viazi sokoni Nakuru, nikabeba magunia na mgongo huu. Kusoma nilifundishwa ngumbaru, darasa la watu wazima, nikiwa na wajukuu. Sikusaidiwa na mtu. Leo nina ekari saba Dundori, nne za viazi. Nina ng'ombe watano wa maziwa. Nina nyumba ya mawe ya vyumba vinne, tangi la maji, na plot ya maduka mawili Nakuru ambayo mpangaji wake mmoja ni msumbufu. Nina hati za hayo yote kwa jina langu. Picha ya mama sina, na kaburi lake hakuna aliyeweza kunionyesha.