Matanga ya Kijana wa Chupa

Chirau wa Mwabungo alikuwa fundi cherehani, na mshono wake, Mungu anisamehe, haukuwa wa kusifiwa. Ukimpelekea kitambaa cha kanzu, kanzu utaipata, ila mkono mmoja utakufika kiganjani na wa pili utakomea kwenye kiwiko. Watu walimwendea vivyo hivyo. Walifuata sauti yake. Jioni akishafunika cherehani alifungua kitabu akasoma kwa nguvu pale barazani, vijana wakajaa, na mama zao wakaketi nyuma wakijidai wanachambua mchele.

Vitabu nilimletea mimi, maana miguu yangu haikujua kutulia, leo Mombasa, kesho Lunga Lunga. Ni miaka ile bendera yetu ilipokuwa mpya na kila mtu anatamani kusoma kitu. Vilikuwa vijitabu vyembamba vya hadithi ya zama zijazo, vikiitwa Vijana wa Chupa. Daktari mmoja anachukua kipande cha ngozi ya mtu, anakipanda ndani ya chupa kama wewe unavyokata mti wa muhogo ukauchomeka ardhini. Wakaota vijana saba, uso mmoja, sauti moja, hata kupiga chafya kwao kumoja. Majina hakuwapa. Aliwaita Moja, Mbili, Tatu, hivyo hivyo mpaka Saba.

Basi shida ilianza kitabu cha kwanza tu. Bi Biasha, mjane aliyekuwa akikaanga samaki, aliuliza, "Chirau, mama yao nani?"

"Hawana mama, Bi Biasha. Wametoka chupani."

"Astaghafirullah! Na fuko lao?"

Kwetu Wadigo fuko, yaani ukoo, hufuata mama. Asiye na fuko akifa, nani atamlilia? Chirau alipekua kurasa, asione jibu.

"Basi huyo Tatu," akasema Bi Biasha, "huyo anayewapa wenzake chakula yeye akalala na njaa, nipeni mimi. Ni mwanangu."

Wanawake wengine wakagawana waliosalia kwa vicheko. Lakini Bi Biasha hakucheka. Tatu akipatwa na homa kitabuni, siku ya pili samaki wa Bi Biasha waliungua.

Sasa, Chirau alimpenda Mwanapili, binti wa huyu Bi Biasha, akampeleka mjomba wake kuposa. Jibu lilirudi hivi: "Mwambieni amalize kwanza kunisomea mwanangu ameishia wapi. Siwezi kuoza binti, na huku kijana wangu yuko mikononi mwa yule daktari." Kijiji kilicheka. Chirau naye alicheka, kidogo.

Kitabu cha mwisho kilipotoka nilivuka nacho feri ya Likoni nikamfikishia asubuhi. Niliporudi adhuhuri nilimkuta ameketi, sindano mdomoni, hashoni.

"Umefiwa?" nikamtania.

"Bado," akasema. "Anakufa Tatu."

"Ruka ukurasa."

"Mwanapili anajua kusoma. Kila kitabu nikimaliza huja kukiazima."

"Basi mponye wewe, halafu kitabu kipotee. Mbuzi wamekila."

"Kaka, nianze ndoa yangu kwa kudanganya juu ya maiti?"

Jioni akasoma. Vijana wamo ndani ya chombo cha kupaa angani, wanatoroka, na mlango umeharibika, hauwezi kufungwa ila kwa nje. Tatu anatoka, anaufunga. Wenzake wanaondoka wakimwona dirishani anavyozidi kuwa mdogo. Hapo sauti ya Chirau ilitetemeka, akaanza upya, ikatetemeka tena. Akafika pale daktari, aliyebaki chini, anapowaambia kwa redio: "Msilie. Ngozi ninayo bado. Nitawapandia mwingine kama yeye."

Kijana Ngala, mwenye mdomo usio na komeo, akasema, "Basi si neno, mama. Na wako sita bado, uso ule ule!"

Bi Biasha akamgeukia. "Nawe mamako akizaa pacha, mmoja akifa, atapiga vigelegele?"

Akakunja mkeka, akamshika Mwanapili mkono, wakaenda zao. Chirau hakutazamwa hata kwa pembe ya jicho.

Asubuhi naona wanawake wanapita na kuni. Nikawafuata. Uani kwa Bi Biasha mikeka imetandikwa, kahawa iko motoni. Matanga! Mwalimu wa chuo cha Kurani alikuja amekunja uso.

"Bi Biasha, hatumswalii mtu wa karatasi."

"Sikukuita kuswali, mwalimu. Nimekuita unywe kahawa."

Mwalimu akafikiri, akavua viatu, akaketi.

"Chirau yuko wapi?" akauliza mama mfiwa. Nikatumwa mimi. Nilimkuta amejifungia, ameshajihesabu kuwa amekataliwa, nikamvuta kwa mkono. Bi Biasha akamketisha palipo na wafiwa, na kila aliyeingia akampa mkono, "Pole, fundi." Yeye anaitikia tu, hajui aweke wapi macho.

Watu walipopungua Bi Biasha alimmiminia kahawa mwenyewe.

"Ulijua mapema kuwa atakufa?"

"Nilijua."

"Na ukanisomea."

"Nilikusomea, mama."

"Mlete mjomba wako Ijumaa." Halafu akainua kidole. "Lakini usidhani unaingia mahali pa Tatu. Mambo ya kupandiana watu ni ya yule daktari. Wewe njoo na mahali pako."

Nyuma ya mlango Mwanapili alicheka ndani ya leso, na matanga yakaishia hapo.

Harusi ilifana, ingawa bwana harusi alijishonea kanzu mwenyewe, na mkono mmoja mnajua ulikofika. Mtoto wao wa kwanza alikuwa wa kiume, na nyanya yake akampa jina la marehemu, kama ilivyo desturi. Akaitwa Tatu. Mgeni akimsikia huuliza Moja na Mbili wako wapi, na Bi Biasha, bila kuacha kugeuza samaki, humjibu, "Wako kitabuni. Hawajambo."