London kwa Kipimo cha Lori

Mama Mwaura, ambaye jina lake ni Wachuka, ni mkulima wa waru, yaani viazi, hapa Molo. Mumewe alipofariki, hakukubali mabroka wamchezee. Alipanda lori mwenyewe pamoja na magunia yake, kofia ya sufu kichwani, akakaa kati ya dereva na msaidizi wake, turniboi, mpaka soko la Kongowea, Mombasa. Alifanya hivyo miaka mingi, hadi magoti yalipomkatalia.

Mpaka leo hupima kila safari kwa lori. Nakuru kwake si safari. Nairobi ni usingizi mfupi. Mombasa ni usiku mzima na asubuhi yake, ukihesabu na foleni ya mizani ya malori kule Mariakani.

Mwanawe wa pekee, Mwaura, yuko London, anatunza wazee wa watu. Huko amepata binti, na kama ilivyo desturi yetu Wakikuyu, msichana wa kwanza amepewa jina la mama wa babake. Lakini Wachuka mkubwa hajawahi kumbeba Wachuka mdogo. Anamjua kwenye simu tu, na anamtamani mpaka unamwonea uchungu. Kila Disemba hunenepesha mbuzi wa kuwapokea, na kila Disemba mbuzi huyo tunamla sisi majirani.

"Mwaura amesema ni mbali," hutuambia akigawa nyama. Wanawake wa kanisa wakinong'ona, yeye humtetea mwanawe kwa neno hilohilo. Mimi hunyamaza, ingawa huyo Mwaura ameniudhi siku nyingi.

Jumapili iliyopita tulikuwa kwangu tukimenya waru.

"Joan," akaniita, "hiyo ndege ya London inachukuanga masaa ngapi?"

Nikatafuta kwenye simu. "Kutoka Nairobi ni karibu kilomita elfu saba. Ikienda moja kwa moja, ni kama masaa tisa."

"Masaa tisa ya kufika wapi?"

"Ya kufika London, mama."

Akaweka kisu chini. "Kwa hivyo nikitoka hapa na lori jioni, na mtu apande ndege hiyo jioni, huyo atafika London kabla mimi sijafika Kongowea?"

"Mbele yako kabisa," nikasema nikicheka. "Wewe utakuwa bado uko njiani, Mtito Andei."

Hakucheka. "Na Kongowea nilikuwa naenda kila wiki," alisema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Ule umbali ndio uliokuwa ukimtuliza. Maadamu London ilikuwa mbali, mwanawe hakuwa na kosa.

Alikuwa bado hajakiokota kisu simu yake ilipolia. Alikuwa Mwaura, kwa video, na mtoto alikuwa mapajani pake.

"Shosho, nataka nikuone," mtoto alisema.

"Shosho ako mbali sana," Mwaura akamwambia upesi. "Si ni mbali, mami?"

Nilimtazama Wachuka. Nilitaka amwambie mwanawe. Kama ningekuwa mimi, ningemtajia ndege, masaa na mbuzi wote tuliokula. Yeye aliisogeza simu karibu, akapangusa kioo chake kwa leso ili amwone mtoto vizuri.

"Sikiza baba yako, mama," alimwambia mjukuu wake. "Anasema ukweli. Ni mbali."