Kadi za Wenye Mafiga

Chuo kikuu kilinizoesha kuuliza. Ofisi ya mipango Kisarawe ikaniajiri nijibu, kwa kadi za kaya zenye matundu ukingoni. Tundu la kijiji, tundu la shamba, tundu la kiwanja. Kaya ikiwa ya kijiji hicho, ikiwa na shamba, au ikiwa imeshapangiwa kiwanja, tundu husika hukatwa kwa wembe mpaka nje. Ukitaka watu wa Vihingo, unapitisha spoki ya baiskeli kwenye tundu la Vihingo, unainua bunda, kadi zao zinadondoka mezani.

Siku tatu kabla ya kugawa viwanja vya kijiji kipya cha Vihingo, akaja mama mmoja kwa miguu. Hakuwamo kwenye orodha.

"Mumeo kashapewa kiwanja kijiji cha Maneromango," mkuu wangu akamwambia.

"Kule ni kwa mke mwenzangu, bwana. Nikapikie kwenye mafiga yake?"

"Kadi inasema kaya moja."

"Hiyo kadi imeshawahi kula kwangu?"

Nikacheka. Mkuu akanikata jicho. Niligeuza kadi ya mumewe. Nyuma kulikuwa na maandishi ya kalamu: wake wawili. Tulikuwa tumewatobolea matundu wanaume, wake tukawaandika mgongoni ambako spoki haifiki.

"Tukate upya," nikasema. "Kila mwenye mafiga yake, kadi yake, na namba ya mume juu."

"Msomi, mkoa umeshazipitisha hizi!"

"Mkoa ulimuuliza nani?"

Akasonya, lakini hakunikataza. Nikakata siku mbili. Yule mama alifikia kwa nduguye hapo mjini, kila asubuhi akaja kunisahihisha: "Huyu kaachika. Huyu umemsahau, mke wa tatu."

Siku ya pili alasiri mkuu akasimama mlangoni. "Haya, uliza."

Spoki kwenye Vihingo: zikadondoka. Hizo nikazipitisha spoki kwenye tundu la kiwanja, na mara hii niliwataka wasiodondoka. Kadi kumi na moja zilibaki zinaning'inia, zote za wanawake, na ya mama huyu ilikuwamo. Mkuu akaninyang'anya spoki, akarudia mwenyewe. Kumi na moja. Akasaini orodha mpya. Nilitoka nje nikacheza peke yangu.

Siku ya viwanja mama alikuja na mawe matatu kwenye kapu. Kamba ya kupimia haijakunjwa, ameshayapanga.

"Haya mwanangu," akaniambia, "sasa kata."

Nikatoa kadi yake na wembe mfukoni, nikaweka makali kwenye tundu la kiwanja.